Uji wa Shangazi Zuwena

Nguvumali, Tanga
26 Januari 2025

Kwa mdogo wangu Rahimu,

Assalaam alaykum. Huku Nguvumali sote tunapumua, na kwa joto la mwezi huu kupumua si jambo dogo. Shemeji yako Masoud yuko na duka lake la vipuri vya baiskeli, bado anabishana na kila mteja, na bado wateja wanarudi, sijui wanafuata nini. Hafsa wangu ameingia darasa la tatu. Meno ya mbele hana, lakini maneno anayo, tena ya kumgawia mtu.

Naona ajabu kukaa mezani na kalamu zama hizi. Masoud ananicheka, anasema nimerudi enzi za stempu. Lakini simu umesema huitaki, kwa kuwa ulipougua ilikuwa ikikusemesha hata ikiwa imezimwa, basi nitaandika. Castory amekubali kuzibeba barua zetu. Lori lake huja huko Mwera kupakia nazi, hana hasara kubeba bahasha na kifurushi cha dawa.

Na hili nataka ulijue vizuri: sikukupeleka kwa shangazi kwa kukufukuza. Hapa kwetu kelele haziishi, na daktari alisema utulivu. Ile siku ya hitima ya mama, ulipolipindua sinia la pilau mbele za watu ukasema nimekutilia sumu, sikukasirika. Wala sitaki tulirudie jambo hilo. Limepita, na waliokuwepo wameshapata mengine ya kusema.

Dawa nilizichukua kliniki Jumatano. Sista Loveness, yule muuguzi mrefu, kakuulizia sana. Anasema mwezi wa nne uje mwenyewe, kwa sababu hawezi kumpima mtu kwa kupitia dada yake. Meza kama ulivyoelekezwa, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku. Msalimie shangazi, umwambie nitampigia.

Dada yako,
Sabiha


Mwera, Pangani
9 Februari 2025

Dada Sabiha,

Shikamoo. Barua nimeipata, dawa nimezipata, na Castory amekula ugali wa watu wawili kabla ya kuvitoa mfukoni.

Shangazi Zuwena hajambo. Tangu mumewe afariki anazungumza na kuku, na mimi naona bora awe anazungumza nao kuliko na mimi, kwa sababu kuku wanamjibu. Asubuhi namsaidia kufua nazi. Amenipa kifuo cha marehemu, kile chuma cha kuchomekea ardhini, na mwanzoni nilikuwa naharibu nyingi. Sasa nafua vizuri. Ni kazi inayonifaa maana haina maswali.

Umeuliza hali yangu, au tuseme hukuuliza lakini najua ulitaka kuuliza. Sauti zimekwisha. Ni kimya, na nakishukuru hicho kimya, usidhani sishukuru. Ila na mengine nayo yamenyamaza. Wiki iliyopita nguchiro aliingia bandani akamaliza vifaranga vyote vya shangazi. Yeye alikaa chini akalia. Mimi nilichukua jembe nikachimba shimo la kuvizika, na nilipomaliza nikauliza kama chakula kiko tayari. Aliniangalia vibaya. Nilijua kwamba pale palikuwa na jambo la kusikitisha, lakini sikusikitika. Naijua huzuni kwa jina tu, kama mtu wa mtaa wa pili.

Si kwamba nalalamika. Mwaka jana nilihisi kila kitu na unajua palipofikia.

Dawa nameza mwenyewe, pakiti iko kwangu. Ramadhani inakaribia na nataka kufunga. Muulize Sista nitafanyaje na kile kidonge cha asubuhi.

Mdogo wako,
Rahimu


Nguvumali, Tanga
24 Februari 2025

Rahimu, mdogo wangu,

Salamu na mapenzi. Hapa tumeanza pilikapilika za mwezi mtukufu. Bei ya tambi imepanda kama kawaida yake, na Masoud amenunua kandili za umeme za rangi, anasema ni za Hafsa, lakini ndiye anayeziwasha na kuzizima.

Nimekuulizia. Imamu wetu hapa anasema mgonjwa ana ruhusa ya kula, na ruhusa ya Mwenyezi Mungu si ya kuonea haya. Nikamwambia humjui ndugu yangu, alivyo mkaidi. Sista Loveness naye hakupenda sana, lakini akasema kama umeamua, basi usikie haya. Kidonge kimoja umeze baada ya futari, cha pili wakati wa daku. Usiviunganishe viwili kwa pamoja ili umalize mapema, na usiruke hata kimoja kwa kuwa umechoka. Maji unywe mengi usiku. Ukiona shingo inakakamaa, taya linabana, au macho yanapanda yenyewe usiweze kuyashusha, usisubiri Idi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Akarudia mara nyingi hilo la mwisho, mpaka nikamwambia nimeelewa.

Pia kasema usiache dawa kwa kujiona mzima. Watu wengi huziona kama za malaria, wanamaliza pakiti wanasema dozi imekwisha, kisha wanaletwa wamefungwa kamba. Hayo ni maneno yake.

Castory ana mfuko wa shangazi. Una tende, sukari na vikorokoro vyake vya jikoni. Usiufungue, mpe kama ulivyo.

Ramadhani njema. Ukiniombea dua, niombee usingizi.

Sabiha


Mwera, Pangani
10 Machi 2025

Dada Sabiha,

Shikamoo, na Ramadhani karimu kwenu nyote. Mwambie Hafsa kwamba huku kandili ni mwezi wenyewe, na hatuulipii.

Tunafuturu mimi na shangazi tu, barazani. Muhogo wa nazi, samaki akipatikana, na uji wa pilipili manga. Uji ananikorogea yeye mwenyewe na bakuli langu analileta peke yake, la kwake analileta baadaye. Nikimaliza anachungulia ndani kuona kama kimebaki kitu. Nikiacha kidogo anasema, "Malizia, mwanangu, Mungu hapendi israfu." Basi namalizia.

Nafuata maneno ya Sista. Kimoja baada ya futari, kimoja daku. Lakini siku hizi mwili hauko sawa. Ulimi umekuwa mzito, naanza neno na mdomo unachelewa. Nikiamka mto umelowa mate. Mikono inafanya kazi kwa kuchelewa pia. Juzi nilitaka kusukuma nazi kwenye kifuo nikasukuma kiganja. Jeraha halikuwa kubwa. Nilikaa nikaitazama damu mpaka shangazi akaja na kitambaa.

Nina swali, na naomba ulisome polepole. Je, uliwahi kusikia mtu akatiliwa kitu katika uji? Sisemi hapa kwetu. Nauliza tu kama ni jambo ambalo watu hufanya. Chini ya bakuli pana ungaunga mweupe ambao si wa mchele, na kinu kidogo cha pilipili manga nacho kina weupe huohuo. Sijamuuliza shangazi. Mtu mwingine akisema uji una kitu, watu huutazama uji. Mimi nikisema, watanitazama mimi.

Rahimu


Nguvumali, Tanga
16 Machi 2025

Mdogo wangu Rahimu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Hafsa amefunga nusu siku mara kadhaa na kila mara anatangaza mtaa mzima. Masoud ana mafua.

Kuhusu lile swali la uji, sikulielewa, na nakuomba usiliulize tena, hasa mbele za watu wa huko. Shangazi yako amekulea tangu baba alipokuwa akisafiri, alikuosha na kukubeba, na leo ni mtu mzima anayekuamkia daku kukupashia chakula. Uji wake ni uji. Unywe.

Rahimu, nisikilize. Hivi ndivyo ilivyoanza mwaka jana. Kwanza ulianza kuchungulia vikombe. Halafu ukawa unanusa. Halafu hukula kwangu siku nzima, na mimi nikawa nakutetea kwa watu kwamba umechoka tu. Nilikuwa mjinga. Safari hii sitakuwa mjinga.

Nimempigia shangazi, kasema umekuwa mzito, unazubaa, husemi naye, mate yanakutoka na wewe huna habari. Tumezungumza, tumeona labda maradhi yanataka kurudi na dawa haijatosha. Usiwe na wasiwasi, mambo yote tumeyapanga. Wewe meza zako kama kawaida, na chakula ule chote unachopewa.

Castory ana kifurushi kingine cha shangazi.

Dada yako anayekupenda,
Sabiha


Mwera
23 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko. Kalamu siishiki vizuri, imekuwa nyembamba.

Sitauliza tena. Uji nakunywa wote.

Siku hizi ungaunga umezidi. Nimefikiri niache vile vidonge vyangu vya mkononi, ili kipimo kije kiwe sawasawa. Lakini Sista alisema nisiache. Na wewe umesema ninywe uji. Na shangazi anasema nimalizie. Basi nawatii wote.

Sifui nazi tena. Nakaa.

Wasalimie.

R.


Nguvumali, Tanga
1 Aprili 2025

Rahimu,

Shangazi kanipigia jana akilia, sikuelewa nusu ya maneno, kisha simu ikakatika. Nimesikia Pangani na nimesikia sindano. Idi yetu imekuwa ya mashaka, sikuvaa hata nguo mpya. Nampa Castory barua hii akiwa anawasha gari, hana hata muda wa kunisimulia.

Nakuja Alhamisi. Ukiwa bado hospitali nitakuja hapo hapo, ukiwa umerudi nitakuja Mwera. Nakuja.

Sabiha


Mwera, Pangani
13 Aprili 2025

Dada Sabiha,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza na paa la shangazi linavuja upande wa kuku, kwa hiyo kuku wamehamia upande wetu. Shangazi anakohoa kidogo. Mimi nimerudi, naandika kama unavyoona, mistari imenyooka.

Alhamisi tulikungoja. Shangazi alichinja jogoo. Tulimla Ijumaa.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu najua umesikia vipande. Siku ya mwisho ya mfungo, baada ya futari, shingo yangu ilianza kwenda upande wa kushoto. Nikairudisha kwa mkono, ikaenda tena. Taya likabana. Kisha macho yakapanda juu, nikawa naona makuti ya paa tu na siwezi kuyashusha. Akili yangu ilikuwepo yote, dada. Nilikuwa nasikia kila neno na siwezi kujibu. Shangazi akaanza kusema kwamba wamerudi, wamemrudia mwanangu, na majirani wakajaa, mmoja akaleta ubani, mwingine akanishika miguu nisije nikapiga mtu. Sikuwa na nia ya kumpiga mtu. Nilikuwa naumwa na shingo.

Wakamwita Mwalimu Zubeiri wa chuo cha Kurani aje awatoe hao majini. Akaja, akapiga magoti, akanitazama vizuri kuliko wote. Alisoma kidogo, kisha akasema, "Huyu mpelekeni hospitali. Mie nitasoma njiani." Na kweli alisoma njia nzima, juu ya nazi, maana gari lililopatikana ni lori la Castory na lilikuwa limekwisha kupakiwa. Shangazi alikaa mbele. Sisi tulikuwa nyuma na kila shimo nililijua.

Pangani tulimkuta daktari kijana anaitwa Manase, alikuwa anakula chapati. Alinigeuza shingo taratibu, akanimulika macho, akaniuliza kama natumia dawa za akili. Nikatikisa kidole. Akauliza ninazo za mwezi gani, nikaitoa pakiti mfukoni. Akaitazama, akaona vimebaki vinavyopaswa kubaki. Akasema hapana, kwa kiasi hiki sidhani. Kisha akageuka akauliza, "Nani humpa dawa?"

Mimi nikajitahidi, nikasema, "Mimi." Na wakati huohuo shangazi naye akasema, "Mie."

Daktari akaiweka chini chapati yake. Akamuuliza shangazi unampa wapi, na shangazi akasema, "Kwenye uji, baba. Nampondea kinuni na pilipili manga. Sabiha kasema hamezi, kasema nisimwambie." Halafu akasema alipoona nazidi kuzubaa akaongeza, kwa kuwa mliona ugonjwa unarudi.

Nilichomwa sindano, na nilipokuwa bado nahesabu makuti ya Mwera kichwani, shingo ikalegea kama kamba iliyofunguliwa. Macho yakashuka. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa shangazi, na sikupenda nilivyouona.

Daktari alitukalisha wote wawili. Alisema ule uzito, mate, mikono, kuzubaa, vyote vilikuwa dawa iliyozidi, na shingo ndiyo ilikuwa kilele chake. Si jini, wala si ugonjwa kurudi. Kila mlipoongeza mliona dalili zinaongezeka, mkaongeza tena. Alisema dawa yenyewe ni nzuri na ninaihitaji, nisije nikaitupa kwa hasira, maana kuikata ghafla ndiko kutakakoleta ugonjwa wenyewe. Alinilaza kwanza waniangalie, kisha nikarudi kwenye kipimo changu cha zamani, na kidonge kingine kidogo cha kuzuia kukakamaa. Kuhusu ule ubaridi wa moyoni, alisema nimwambie Sista Loveness, pengine dawa inaweza kubadilishwa. Nilikuwa sijui kwamba hilo nalo ni jambo la kumwambia daktari.

Shangazi alilia ukumbini mpaka akaishiwa. Nilimbebea kikapu. Nilikasirika, dada. Nilikasirika na wewe, si na yeye. Hasira ilikuwa mbali, niliisikia kama redio ya jirani, lakini ilikuwa yangu.

Niliuliza. Ile barua ya Machi niliuliza.

Rahimu


Nguvumali, Tanga
4 Mei 2025

Mdogo wangu Rahimu,

Salamu kwako na kwa shangazi. Nimechelewa kujibu, mvua zimetuharibia barabara ya mtaani na Castory anapita mbali. Masoud amemaliza mafua, ameanza mgongo. Hafsa ameota jino moja la mbele, limekaa pembeni, na anaringa nalo. Mwembe wa jirani umeanguka juu ya choo chake, hakuna aliyeumia.

Nimejaza ukurasa na sijasema kitu. Masoud amesoma hapo juu akasema, mke wangu, ndugu yako hakuuliza habari za choo.

Sikuja Alhamisi ile. Nilivaa, nikafika hadi stendi, nikarudi. Sikujua nitakutazama vipi.

Nimekwenda kwa Sista Loveness nikamweleza. Alinisema mbele ya foleni nzima. Alisema kumtilia mtu dawa kwa siri ni kumfundisha kuogopa chakula, na kwamba kama nilikuwa na shaka ningekuja kwake, si kwenda jikoni. Vile vidonge vilikuwa vya mwaka jana, ulivyokataa kumeza. Nilivitunza. Vilivyobaki nimevirudisha kliniki. Anakungoja, umepitiliza mwezi wa nne na hakukasirika.

Lakini na mimi nina la kusema, usinione mbaya moja kwa moja. Uliniangalia machoni, Rahimu, siku ya hitima ya mama yetu, ukasema nimekutilia sumu. Mimi, niliyekuwa nikikukatia nyama vipande vidogo ukiwa mdogo. Siku zile wewe ulikuwa hulali na mimi nilikuwa silali, na mpaka leo nikisikia sahani inaanguka naruka. Ulipoandika kuhusu uji nililiona tena lile sinia. Nilijua kilichomo, na bado sikufikiri hata dakika moja kwamba huenda ndicho kinachokudhuru. Nilimpigia shangazi kabla sijaikunja barua. Ungekuwa mimi ungefanya nini?

Naogopa. Hilo ndilo. Naogopa tangu mwaka jana na bado sijaacha. Na siku moja utaniambia tena kwamba kuna kitu ndani ya chakula, maana Sista kasema ugonjwa huu huweza kurudi hata kwa anayemeza vizuri. Siku hiyo nitajuaje? Niambie wewe, kwa sababu mimi nimeshakosea pande zote mbili.

Sabiha


Mwera, Pangani
18 Mei 2025

Dada Sabiha,

Shikamoo. Shangazi amepona kikohozi. Nazi zimeanza kuanguka zenyewe kwa mvua na nimerudi kwenye kifuo, kiganja kimepona. Kuku mmoja ameatamia. Mpe Hafsa hongera ya jino.

Nilikuja Tanga wiki iliyopita, sikupita kwako. Nisamehe kwa hilo. Nilitaka kwanza nifike kliniki peke yangu na nirudi peke yangu, nione kama naweza. Sista Loveness amenibadilishia dawa. Hii mpya wanaianza kidogokidogo huku ile ya zamani wanaipunguza, na sitakiwi kuharakisha. Alinipima uzito na damu, akaniuliza maswali mengi, na safari hii alikuwa ananiuliza mimi mwenyewe nikiwa nimekaa mbele yake. Bado niko baridi. Kasema nisitegemee mambo ya haraka. Namwamini.

Tumekubaliana na shangazi kwamba dawa ni moja, inakaa mahali pamoja, juu ya kabati, na anayeitoa ni mimi. Yeye ana haki ya kuniuliza, "Umemeza?" na mimi nina wajibu wa kumjibu bila kununa. Mara nyingine nanuna. Uji ananikorogea bado, na tunakunywa kutoka sufuria moja. Siku ya kwanza alikawia kumimina. Mimi pia nilichelewa kuinua bakuli. Tulikunywa tu.

Umeniuliza utajuaje. Nimelifikiria swali hilo kila siku tangu barua ilipofika, na ni swali la haki. Hata mimi silijui jibu lake lote, kwa sababu mwaka jana nilikuwa na hakika kabisa, na mwaka huu nilikuwa na hakika vilevile, na hakika zile mbili zilifanana. Mara moja nilikosea na mara moja nilikuwa sahihi, na kwa ndani hakuna tofauti niliyoiona. Kwa hiyo usitegemee uso wangu, wala maneno yangu peke yake. Wala usitegemee woga wako.

Fanya hivi. Siku nikikuambia kuna kitu katika kikombe, usibishane nami na usimpigie mtu simu. Kaa karibu yangu. Kichukue kikombe changu hichohicho, unywe funda moja mbele ya macho yangu. Kama kimo kitu, utakijua. Kama hakimo, na mimi bado nakataa, basi nimeugua. Nishike mkono unipeleke hospitali siku hiyohiyo. Nitakutukana njia nzima, nitasema umewahonga, nitasema mengi. Usinisikilize, nipeleke.

Lakini kwanza unywe.

Mdogo wako,
Rahimu